Nusu ya Pili ya Keziah

Keziah hajui kusoma noti hata moja. Nalisema hili mwanzo kwa sababu mimi nimezisoma tangu nina miaka tisa, nimezifundisha maisha yangu yote, na bado yeye ndiye aliyenifahamisha sonata niliyodhani naijua vizuri kuliko njia ya kwetu.

Mimi ni Mwanamize binti Ghalib. Nimezaliwa Jeddah, na nyumba yetu iko mtaa wa Nuzha. Wazee wangu walitoka Unguja mwaka wa sitini na nne na masanduku mawili na ganuni moja, ile ala ya nyuzi ya taarabu. Piano nilifundishwa na jirani wa Kimisri, madirisha yamefungwa, na baadaye nami nikafundisha mabinti wa watu vivyo hivyo, kimyakimya. Siku hizi muziki una vyuo vyenye mabango barabarani, na chuo kimoja cha mtaa wa Olaya kikaniita Riyadh nikiwa na umri wa kuitwa bibi. Nikaenda. Ulimi wangu ni mkali, wanafunzi wangu watakwambia, lakini siku ya mtihani hawatafuti mwalimu mwingine.

Jumatatu na Jumatano nilipanda metro kwenda mtaa wa Naseem kumfundisha binti mmoja, Safa, nyumbani kwao. Alikuwa na miaka kumi na minne, vidole vizuri, akili nyepesi na uvivu wa kutosha. Baba yake, Usama, alikuwa mtu wa safari za kazi. Mama yake alikuwa mwalimu wa kemia, mwanamke wa mipango, kila kitu chake kina tarehe. Alimwandikisha Safa mtihani wa gredi ya tano, unaofanyikia Jeddah mbele ya mtahini kutoka nje, na katika vipande vya mtihani kulikuwa na ile sonata.

Ni ya Mtaliano wa karibu miaka mia tatu iliyopita, aliyeishi Hispania akimfundisha binti wa mfalme. Ni fupi, kurasa mbili tu. Aliitunga kwa kinanda cha zamani ambacho nyuzi zake hazigongwi, zinadonolewa na kijiti cha unyoya. Sauti inatoka na kufa papo hapo, huwezi kuivuta. Basi mtunzi akaijaza nafasi kwa mambo mengine: noti moja inayorudiwa mbiombio kama gitaa la Wahispania, madoido ya hapa na pale, na mkono wa kushoto unaoruka juu ya wa kulia, unachukua noti moja ya juu kabisa, kisha unarudi kwake. Imegawanyika nusu mbili. Nusu ya kwanza inaondoka kwenye ufunguo wa nyumbani, inahamia ufunguo mwingine na kuishia hukohuko. Mwisho wake pana nukta mbili, maana yake rudia. Nusu ya pili inaanzia ugenini, inahangaika kidogo, kisha inarudi nyumbani. Nayo ina nukta zake mbili.

Safa aliipiga mguu umekandamiza pedali ya kuvuta sauti tangu mwanzo mpaka mwisho, noti zote zimelowana, ungedhani tangazo la manukato. Nikimwambia inua mguu, anainua. Nikigeuka kunywa kahawa, anaurudisha. Na hapo mkono wa kushoto unaporuka, alisimama kwanza, akautazama mkono wake, ndipo akaurusha. Nusu ya pili hakuigusa. Kila siku ilikuwa "wiki ijayo, mwalimu."

Kahawa hiyo aliniletea Keziah, mfanyakazi wao, Mkenya wa miaka thelathini na kidogo, mtu wa Vihiga. Aliniambia karibu mwalimu, nikamwambia ahsante mwanangu. Kwa miezi mitano sikujua zaidi ya hapo, na sioni fahari kulisema.

Jumatano moja nilifika kama dakika arubaini kabla ya wakati. Dereva akanifungulia lango. Nikiwa kwenye ngazi nikaisikia sonata. Nikasimama. Haikuwa na pedali hata chembe; kila noti imesimama peke yake, kavu, inang'aa, na zile noti za kurudiwa zilipigwa hasa. Nikajisemea, leo Safa kapata malaika. Lakini sauti ilikuwa chini kidogo kuliko iliyoandikwa. Halafu pale pa kuruka mkono, mpigaji akasimama, akasubiri vilevile anavyosubiri Safa, kisha akaendelea. Nikaingia.

Keziah akaruka kwenye kiti na kitambaa cha vumbi mkononi.

"Woi, mwalimu! Tafadhali usiambie madam. Mi nilikuwa napanguza tu."

"Unapanguza kwa mikono miwili? Kaa. Nani kakufundisha?"

"Hakuna mtu. Huwa nasikia Safa nikiwa jikoni, naandika. Madam akienda kazi napiga kidogo, nusu saa tu, halafu nafunga."

"Unaandika nini nawe hujui noti?"

"Hizo vijiti zenu sijui. Mimi ni wa sol-fa." Akatoa mfukoni daftari la shule lililokunjika. Kurasa zimejaa herufi, d, r, m, zimetenganishwa kwa nukta na mistari. Baba yake, Mwalimu Titus, alikuwa mkuu wa kwaya ya kanisa lao na aliwafundisha watoto wote wa pale kuimba hivyo, kwa sababu herufi huandikwa kwa kalamu yoyote na haziombi mistari mitano. Kila alichokipiga Safa kilikuwa mle, sauti ya juu na ya chini. Nilivua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena.

"Mbona umeipiga kwenye C? Imeandikwa D."

"Si ni ile ile? Kinanda ya kanisa yetu iko na kitufe. Unapiga funguo nyeupe, unafinya kitufe, inapanda mahali waimbaji wanataka. Hii yenu ni ya bei lakini haina."

"Na hapa, mbona unasimama?"

"Si ndivyo iko? Safa husimama hapo kila siku."

Nilicheka mpaka ikanibidi nikae. Makosa ya mwanafunzi wangu yalikuwa yameandikwa kwa mkono safi, yenye mstari wa kupumzikia juu yake. Keziah hakucheka. Alikuwa na neno.

"Lakini mwalimu, hii wimbo iko na shida. Haijarudi nyumbani. Ona, hapa doh, ile noti ya nyumbani, inahama. Inahama sawa, hata nyimbo zetu huhama. Lakini inaishia hukohuko, kwa doh ya wengine. Babangu hawezi kubali kwaya ikae chini ikiwa hapo."

Nikaelewa. Nusu ya pili hakuwahi kuisikia, kwa kuwa Safa hakuipiga. Yeye alidhani kipande ndicho hicho.

"Kwa hivyo nikaitengenezea ya kurudi," akasema, akageuza ukurasa.

Nikakaa pale na kuipiga ya kwake, nikizitafuta herufi kwa kidole. Haikuwa ya Mtaliano. Ilinuka kanisa, mahali pamoja sauti mbili zilitembea pamoja kama wanakwaya walioshikana mikono. Lakini ilianzia ugenini, ikahangaika, ikapata njia, ikafika. Mambo ambayo kitabu changu kinayaeleza kwa kurasa sita, yeye aliyafanya kwa sababu aliona si adabu kuuacha wimbo nje. Nikamuuliza imemchukua muda gani.

"Wiki tatu. Nilikuwa na haraka nayo." Akalikunja daftari. "Mwalimu, mi niliacha mtoto wangu Valentine akiwa na miaka mitano. Saa hii ako na tisa, ako na babangu. Kontrakti ilikuwa miaka miwili. Ikaisha, madam akasema ongeza, nikaongeza miwili tena. Hiyo nayo imeisha. Sasa amesema nitaenda baada ya mtihani ya Safa. Bila baba ya Safa kutoa ruhusa kwa kompyuta yake siwezi vuka airport. Kwa hivyo mi naombea huyo mtoto apite kuliko hata mama yake."

Nikamwahidi mambo mawili: Safa atapita, na madam hatajua kwa kinywa changu. La kwanza nilikuwa na uwezo nalo.

Wiki zilizofuata tulifanya kazi watatu. Madam akiwa bado shuleni kwake, Keziah alikaa kwenye piano na kumpigia Safa nusu ya kwanza, kavu, bila pedali. Mwanzo Safa alinuna, kufundishwa na mfanyakazi wao. Kisha akaanza kumuuliza yeye badala ya kuniuliza mimi, nikanuna mimi. Keziah alimwonyesha mkono wa kushoto: usiutazame, utazame pale unapokwenda. Safa akaacha kusimama. Keziah akachukua kifutio na kufuta ule mstari wa kupumzikia katika daftari lake, na akanitazama kama aliyepunjwa.

Sasa nieleze kosa langu, na kosa hili ni la watu wa kwetu. Sisi mtu akitupigia muziki ukatufika, hatunyamazi. Tunainuka, tunakwenda mbele ya watu na kumtunza. Baba yangu alitunzwa hivyo Unguja mpaka nyuzi za ganuni zikafunikwa na pesa. Siku kumi kabla ya mtihani, madam aliwaalika dada zake wamsikilize Safa. Safa aliipiga nusu ya kwanza vizuri, mguu wake ameuweka nyuma ya kiti. Wanawake wakasema mashaallah, madam akanigeukia kunishukuru mimi. Keziah alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Damu ikanipanda. Nikainuka, nikavua shali yangu ya hariri, nikamvisha Keziah shingoni mbele ya wote, nikasema kwa Kiarabu: mwalimu wa kipande hiki ni huyu.

Madam hakukasirika, na heri angekasirika. Alifurahi. Akamwambia Keziah apige kidogo, Keziah akapiga, dada zake wakapiga makofi. Kisha madam akasema kwa furaha yake yote:

"Halas, basi huyu haendi popote! Mwakani Safa ana gredi ya sita. Nani atamsaidia?"

Jikoni, Keziah alinikunjia shali yangu na kunirudishia.

"Mwalimu, umeniongezea mwaka," akasema. Hakupandisha sauti.

Nilirudi Olaya nimesimama kwenye metro hali viti vilikuwa vitupu. Niliona aibu, na aibu yangu mimi hugeuka hasira, na siku ile sikuwa na wa kumkasirikia ila mimi mwenyewe.

Familia ilikwenda Jeddah wiki ya mtihani, wakafikia kwa dada wa madam. Mimi nikafungua nyumba yetu ya Nuzha. Kila alasiri dereva aliwaleta Safa na Keziah kufanya mazoezi kwenye piano yangu ya zamani. Nusu ya kwanza ilikwishakaa. Ya pili ilikuwa bado imelegea, na pedali ilikuwa imeanza kurudi kwa siri.

Nikaingia chumbani na kuvuta ganuni ya baba chini ya kitanda. Nikazikaza nyuzi nilizoweza kuzikaza, nikavaa zile risha mbili za kudonolea vidoleni, nikampigia Safa noti moja ya kurudiwa, mbio, kama baba alivyonionyesha. Ikalia na kufa, ikalia na kufa.

"Ndiyo hiyo," nikamwambia. "Huyo Mtaliano hakuwa na piano. Alikuwa na nyuzi za kudonoa kama hizi. Huwezi kuivuta sauti, kwa hiyo unasema neno lako na kulikata."

Safa akaomba kujaribu. Akadonoa robo saa nzima, kisha akaenda kwenye piano bila kuambiwa, na mguu haukugusa pedali tena. Nilifurahi, lakini Keziah alikuwa bado ameiinamia ganuni.

"Hii ilitoka Zanzibar na babako?"

"Ndiyo. Sitini na nne. Kila mwaka alisema mwakani tunarudi. Mwakani, mwakani. Alikuwa akisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, utazunguka chombo chote lakini utarudi ulipoanzia."

"Na alirudi?"

"Hapana. Amezikwa hapahapa Jeddah."

Kisha akauliza swali la kitoto, kama mtu anayetaka kuhakikisha.

"Mwalimu, ile nusu ya kwanza hupigwa mara ngapi?"

"Mbili. Zile nukta ndizo zinazosema."

"Hakuna mahali hupigwa tatu?"

"Tangu niijue, hapana."

"Basi mi nimeshapiga zangu mbili," akasema. "Miaka miwili, na miwili tena."

Safa akauliza anasema nini. Nikamtafsiria neno kwa neno, bila kupunguza. Akaitazama karatasi yake ya muziki, zile nukta, akaendelea kupiga.

Mtihani ulifanyika kwenye ukumbi wa hoteli. Sikuruhusiwa kuingia, nilisikia kwa nje, na niliyoyasikia yalinitosha. Matokeo yalipofika wiki tatu baadaye tulikuwa tumesharudi Naseem. Safa alipita, alama za juu, na kwenye sonata mtahini aliandika kwamba ni nadra kumsikia mtoto aliyeielewa hivyo. Madam alinisomea mara mbili. Nikangoja aseme la Keziah. Hakusema. Nikamkumbusha ahadi yake, naye akasema Ramadhani inakaribia, wageni ni wengi, na kuna hiyo gredi ya sita. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyezoea kwamba nyumba yake inakwenda, hajajiuliza inaendeshwa na nani.

Safa akainuka, akaiweka karatasi ya muziki mapajani mwa mama yake na kumwonyesha nukta kwa kidole.

"Mama, hapa unarudia mara moja tu. Keziah amerudia. Ukimrudisha tena mwanzo, unakosea."

Madam aliitazama ile karatasi asiyoijua kusoma, akamtazama mwanawe, akanitazama mimi, nahisi akidhani nimempanga. Sikumpanga. Keziah alikuwa mlangoni na sinia yake, na mara hii alikuwa ameiweka chini.

"Na akienda asirudi?" madam akauliza.

"Atarudi," nikasema. "Miezi miwili. Mimi namdhamini."

Nilisema mbele ya watu, na watu wa kwetu dhamana ya mdomo ni dhamana. Jioni ile Usama alitoa ruhusa ya kutoka na kurudi. Siku ya safari nilimvisha Keziah ile shali tena, uwanja wa ndege, na nikamwambia asinirudishie. Alinikumbatia mpaka miwani ikanipinda.

Miezi miwili haikuwa mirefu. Kwa Safa ilikuwa mirefu. Alikuwa ameanza kipande kipya na hakuwa na wa kumuuliza. Siku moja kabla ya tarehe ya tiketi, nikiwa chumbani kwangu Olaya nakunywa chai, simu ikaleta ujumbe wa sauti kutoka Vihiga. Bila salamu. Ilikuwa sonata.

Ni kile kinanda cha kanisa, sauti yake ya plastiki naweza kuicheka kwa siku nzima. Lakini alikuwa amefinya kitufe: ililia kwenye D, pale inapotakiwa. Nusu ya kwanza, mara mbili. Pale pa kuruka mkono alisimama kidogo, makusudi, kwa ajili ya Safa. Nilicheka peke yangu. Kisha nusu ya pili, na haikuwa ya Mtaliano ingawa aliisikia Nuzha wiki nzima. Ilikuwa ile ya daftari, yenye sauti mbili zinazotembea pamoja, na safari hii kwenye sauti ya juu kulikuwa na mtoto anayeimba herufi, doh, te, lah. Ikafika nyumbani. Ikarudiwa. Ikafika nyumbani tena. Halafu nikamsikia mtoto akiuliza, "Mama, imeisha?" na Keziah akimjibu, "Imeisha. Funika kinanda twende."

Nusu ya pili hurudiwa pia, nilimfundisha mwenyewe. Na mara zote mbili mwisho wake ni mahali pamoja.

Nikajua kesho hatapanda ndege, na nilikasirika, sitasema uwongo. Nilimdhamini mbele ya watu, na alijua. Nilitembea chumbani nikimsema kwa sauti, nikamwita majina. Kisha nikaisikiliza tena tangu mwanzo, na nilipofika kwenye sauti ya yule mtoto nikakaa kitandani nikalia, nadhani kwa ajili ya baba yangu.

Madam alipiga simu alasiri ile. Alikuwa amekwishatengeneza chumba cha Keziah, na dereva ameambiwa saa ya kwenda uwanja wa ndege.

"Mwalimu, Keziah amekwambia? Anarudi kesho, sivyo?"

"Amesharudi," nikasema.

Nilisikia Safa nyuma yake akipiga mazoezi, kavu, bila pedali. Kisha madam akaniuliza kama Jumatatu nitakuja kama kawaida, nikamwambia nitakuja.